Ujenzi wa Nyumba na Utungaji wa Programu za Kompyuta: Ulinganisho na Mipaka Yake

UTANGULIZI

Mwashi anayeijua kazi yake haweki jiwe la kwanza kabla ya kuiona ramani, kukipima kiwanja na kuuchimba msingi. Ukuta unapopanda huushushia timazi mara kwa mara, kwa kuwa anajua kwamba kosa la upana wa kidole chini huweza kuwa kosa la shubiri juu. Mafunzo ya namna hii yamekusanywa na mafundi wa ujenzi kwa maelfu ya miaka, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo imepatikana kwa gharama ya nyumba zilizoanguka.

Utungaji wa programu za kompyuta ni kazi changa. Programu ni mfululizo wa maagizo yaliyoandikwa kwa lugha maalumu, ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine pasipo kuuliza wala kusita. Programu ya kwanza kuendeshwa kutoka katika kumbukumbu ya kompyuta ya kielektroni ilifanya kazi mjini Manchester, Uingereza, tarehe 21 Juni 1948. Leo programu huongoza ndege, hupima mionzi hospitalini na hutunza hesabu za mabenki. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki wameziweka akiba na mishahara yao mikononi mwa programu ambazo hawajawahi kuziona.

Ili kumfahamisha mwanafunzi kazi hii mpya, walimu aghalabu husema kwamba kutunga programu ni kama kujenga nyumba. Ulinganisho huo una manufaa makubwa, lakini una mipaka yake, na mtu asiyeijua mipaka hiyo huweza kuleta maafa. Makala haya yanachunguza mahali ulinganisho unapofaa na mahali unapopotosha.

1. ASILI YA ULINGANISHO

Mnamo Oktoba 1968 wataalamu wa kompyuta kutoka nchi mbalimbali walikutana mjini Garmisch, katika Ujerumani ya Magharibi ya wakati huo, kwa mwaliko wa Kamati ya Sayansi ya NATO. Kilichowakutanisha kilikuwa wasiwasi. Kompyuta zilikuwa zikiongezeka nguvu kila mwaka, lakini programu zake zilichelewa, zilizidi bajeti na zilikabidhiwa zikiwa zimejaa makosa. Mkutano huo uliitwa kwa makusudi mkutano wa uhandisi wa programu. Jina hilo lilikuwa shutuma na vilevile tumaini: ikiwa mhandisi wa madaraja hufanya kazi kwa hesabu na kanuni zilizothibitishwa, kwa nini mtunga programu afanye kwa kubahatisha?

Mwaka 1970 Mmarekani Winston Royce alichapisha maelezo ya hatua ambazo kazi kubwa ya programu hupitia. Hatua hizo, zikielezwa kwa ufupi, ni hizi:

(a) kuyajua mahitaji ya mwenye kazi;
(b) kusanifu;
(c) kuandika maagizo;
(d) kujaribu;
(e) kukabidhi na kutumia.

Mchoro wake ulionyesha hatua zikishuka moja baada ya nyingine kama maji ya maporomoko, na watu wengi waliuona kuwa ni ule utaratibu wa mjenzi: ramani kwanza, msingi baadaye, kuta, kisha paa. Yafaa ikumbukwe kwamba Royce mwenyewe alionya kuwa kushuka ngazi hizo bila kurudi nyuma ni hatari, maana makosa ya usanifu hugunduliwa wakati wa kujaribu, yaani kazi ikiwa karibu kwisha. Wasomaji wengi waliuchukua mchoro wakaliacha onyo.

2. MAHALI ULINGANISHO UNAPOFAA

2.1 Hesabu ya mzigo

Kila jengo hubeba mizigo ya aina mbili: uzito wake lenyewe, na uzito wa watu na vitu vitakavyoingia humo. Mhandisi akikosea hesabu ya mizigo hiyo, ustadi wa waashi hautaiokoa kazi.

Mfano maarufu ni daraja la Québec, juu ya mto Saint Lawrence nchini Kanada. Wakati wa usanifu, urefu wa sehemu ya kati uliongezwa kutoka futi 1,600 hadi futi 1,800, yaani kutoka mita 488 hivi hadi mita 549. Daraja refu zaidi huwa zito zaidi, lakini makadirio ya kwanza ya uzito hayakukokotolewa upya kama ilivyopasa. Chuma kilianza kupinda kazi ikiendelea. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja lilianguka mtoni na wafanyakazi 75 walikufa.

Mtunga programu naye sharti akokotoe mzigo. Ni watu wangapi watatumia programu kwa wakati mmoja? Orodha itakuwa na majina mangapi? Programu iliyotungwa kwa shule moja yenye wanafunzi 400 haiwi programu ya mitihani ya taifa kwa kubadilishiwa jina tu. Mahitaji yakibadilika, hesabu irudiwe tangu mwanzo. Katika jambo hili ulinganisho ni sahihi kabisa.

2.2 Badiliko dogo

Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, njia mbili za kupitia zilizoning'inizwa juu ya ukumbi zilianguka na kuua watu 114. Michoro ya awali ilionyesha njia ya juu na njia ya chini zikishikwa na fimbo zile zile ndefu za chuma zilizotoka darini. Baadaye, ili kurahisisha utengenezaji, kila fimbo ndefu ilibadilishwa kuwa mbili fupi: moja kutoka darini hadi njia ya juu, na nyingine kutoka njia ya juu hadi njia ya chini.

Badiliko hilo laonekana dogo. Msomaji awafikirie watu wawili wanaoning'inia kwenye kamba moja, mmoja juu na mwingine chini. Maadamu kila mmoja ameishika kamba kwa mikono yake, mikono ya kila mmoja hubeba uzito wa mtu mmoja. Lakini aliye chini akiiacha kamba na kuishika miguu ya aliye juu, mikono ya aliye juu sasa hubeba uzito wa watu wawili, ingawa kamba na watu hawakubadilika. Ndivyo ilivyokuwa Kansas City. Nati zilizoishikilia njia ya juu zilibebeshwa mzigo maradufu, na uchunguzi ulionyesha kwamba hata mpango wa awali ungefikia asilimia 60 tu hivi ya nguvu iliyotakiwa na sheria za ujenzi za mji huo.

Katika programu mabadiliko ya namna hii hufanywa kila siku. Sehemu moja iliyokuwa ikiitegemea sehemu ya pili huunganishwa na ya tatu kwa sababu ni rahisi zaidi kuandika hivyo. Kila sehemu ikitazamwa peke yake haina kasoro, lakini njia unayopita mzigo imebadilika. Kwa hiyo swali la mhandisi ndilo pia swali la mtunga programu: "Baada ya badiliko hili, nani anambeba nani?"

2.3 Kipimo cha vifaa

Nyumba kongwe za mawe za Lamu na Unguja zina vyumba virefu lakini vyembamba. Sababu yake ni boriti. Dari za nyumba hizo zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti imara haiwi ndefu sana, upana wa chumba kwa kawaida haukuzidi mita 3 hivi. Mwashi hakuhitaji kukumbushwa mpaka huo. Boriti fupi haifiki ukuta wa pili, na kila mtu hushuhudia hivyo kwa macho yake.

Programu nazo zina boriti zake, nazo ni nafasi za kuwekea namba. Kompyuta huhifadhi namba kwa biti, na kila biti ni 0 au 1. Biti 16 zaweza kupangwa kwa namna 65,536, yaani 2 kwa kipeo cha 16. Zikitumiwa kwa namba kamili hasi na chanya, zinatosha kuanzia −32,768 hadi 32,767, na wala si zaidi. Tofauti ni kwamba mpaka huu hauonekani. Nafasi ya biti 16 ikipewa namba 40,000, hapana boriti inayoonekana kuwa fupi. Kwa kadiri ya jinsi programu ilivyotungwa, ama namba hugeuka kuwa nyingine kabisa, ama kazi yote husimama.

Hilo ndilo lililoifika roketi ya Ariane 5 ya nchi za Ulaya, iliporushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, tarehe 4 Juni 1996. Sehemu ya programu yake ya kupima mwelekeo ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Lakini Ariane 5 ilikwenda kwa kasi kubwa zaidi ya kiulalo mwanzoni mwa safari. Namba inayohusiana na kasi hiyo, iliyokuwa imehifadhiwa kwa biti 64, ilipohamishiwa katika nafasi ya biti 16 haikuenea. Kompyuta ya mwelekeo ilisimama. Sekunde 40 hivi baada ya safari kuanza roketi ilikengeuka, ikavunjika na kulipuka pamoja na satelaiti 4 ilizobeba. Kwa bahati hapakuwa na mtu ndani.

Makosa ya Québec na ya Kourou ni ndugu. Katika yote mawili hesabu iliyofaa kwa kazi ndogo ilichukuliwa kuwa inafaa kwa kazi kubwa, wala hapana aliyeirudia.

3. MAHALI ULINGANISHO UNAPOPOTOSHA

3.1 Nani ni msanifu na nani ni mwashi?

Katika ujenzi kuna msanifu anayechora na kuna waashi wanaojenga. Kuchora huchukua sehemu ndogo ya gharama, na kujenga huchukua sehemu kubwa. Wengi hudhani kwamba katika programu anayepanga ndiye msanifu, na anayeandika maagizo ndiye mwashi. Dhana hii si sahihi.

Maagizo ambayo mtu huandika hayafanywi moja kwa moja na mashine. Kwa kawaida hufasiriwa kwanza na programu nyingine, mathalani ile iitwayo kompaila, inayoyageuza kuwa lugha ya mashine. Kazi hiyo kompaila huifanya kwa sekunde au dakika chache, kwa gharama ndogo mno, na huweza kuirudia mara elfu bila kuchoka. Kwa hiyo, kama alivyoeleza Mmarekani Jack Reeves mwaka 1992, maandishi ya programu ndiyo ramani yenyewe, na mwashi ni kompaila. Mtu anayeandika maagizo hajengi ukuta, bali yungali anachora.

Jambo hili lina matokeo makubwa. Maadamu ujenzi wenyewe ni karibu bure, gharama yote imo katika usanifu na ukaguzi. Meneja anayemwambia mtunga programu kwamba "mpango umekwisha, kilichobaki ni kuandika tu" anafanana na mtu anayeangalia mchoro wa penseli wa mlango wa mbele na kudai kwamba jengo lote la ghorofa kumi limekwisha kusanifiwa.

3.2 Wingi wa mikono

Ukuta ukichelewa, mwenye nyumba huongeza waashi, na kwa kiasi fulani dawa hiyo hufaa, kwa kuwa ukuta wa mashariki na ukuta wa magharibi vyaweza kujengwa kwa wakati mmoja na watu wasiozungumza. Frederick Brooks, aliyesimamia utungaji wa programu kuu ya kuendeshea kompyuta za IBM System/360 zilizotangazwa mwaka 1964, aliona kwamba dawa hiyo haifai katika kazi yake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1975 alieleza kuwa kuongeza watu katika kazi ya programu iliyochelewa huizidisha kuchelewa.

Sababu mojawapo ni ya kihisabati. Kazi ambayo sehemu zake zote zinategemeana huwalazimisha wafanyao kazi kuelewana, kila mmoja na kila mwenzake. Watu wakiwa n, idadi ya njia za mawasiliano kati yao ni n(n − 1)/2. Watu 5 wana njia 10, watu 10 wana njia 45, na watu 20 wana njia 190. Watu wameongezeka mara 4, bali njia zimeongezeka mara 19. Zaidi ya hayo, mgeni huhitaji kufundishwa, na wa kumfundisha ni wale wale waliokwisha kuchelewa. Wahenga wa pwani walikwisha kuona kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama.

3.3 Mhimili na namba

Tofauti iliyo kubwa kupita zote ni hii. Vitu vya ujenzi hubadilika kidogo kidogo. Mhimili uliostahimili kilo 1,000, ukastahimili na kilo 2,000, hauna haja ya kujaribiwa kwa kilo 1,500, kwa kuwa hapana shaka utastahimili. Tena, mhimili unaozidiwa hupinda na kupasuka nyufa, na aghalabu huwapa watu dalili kabla haujavunjika. Kwa sababu hiyo mhandisi huweza kujiwekea akiba ya usalama: huukadiria mzigo mkubwa utakaokuja, akauzidisha, mathalani kwa 2, kisha akajenga kwa kiasi hicho.

Programu haina tabia hiyo. Nafasi ya biti 16 huibeba namba 32,767 bila dalili yoyote ya uchovu, na hushindwa kabisa kwa 32,768. Kujaribu kwa 1,000 na kwa 50,000 hakumwambii mtu jambo la hakika juu ya 1,500, kwa maana huenda maagizo yameandikwa yafuate njia nyingine kabisa namba ikiwa ni 1,500. David Parnas, mtaalamu aliyejitoa mwaka 1985 katika kamati ya mpango wa Marekani wa kujikinga na makombora, aliitaja tofauti hii kuwa mojawapo ya sababu za kutoiamini programu kubwa ambayo haiwezi kujaribiwa katika hali halisi.

Je, haiwezekani kujaribu kila namba? Msomaji aichukue programu ndogo kabisa, inayojumlisha namba mbili tu, kila moja ikiwa ya biti 32. Jozi zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 64, yaani zaidi ya 18,000,000,000,000,000,000. Mashine inayojaribu jozi 1,000,000,000 kwa kila sekunde, usiku na mchana, ingehitaji zaidi ya miaka 580. Ni dhahiri basi kwamba majaribio peke yake hayatoshi. Majaribio huweza kuonyesha kwamba kosa lipo, bali hayawezi kuthibitisha kwamba halipo. Hapana budi kazi igawanywe katika sehemu ndogo ambazo akili ya mtu yaweza kuzizunguka, mipaka ya kila sehemu iandikwe, maagizo yasomwe na macho zaidi ya mawili, na panapohusu uhai wa watu, usahihi wake uthibitishwe kwa hoja za hisabati.

3.4 Nguzo mbili zinazofanana

Mjenzi akiiona nguzo moja kuwa haitoshi, huweka ya pili. Kasoro ya mti au ya zege hutokea hapa na pale, na si rahisi nguzo mbili ziwe na kasoro ile ile mahali pale pale. Ariane 5 nayo ilikuwa na kompyuta mbili za mwelekeo, ili moja ikishindwa nyingine ishike kazi. Lakini zote mbili zilikuwa na programu ile ile. Kilichoisimamisha ya kwanza kiliisimamisha na ya pili, karibu kwa wakati mmoja. Kosa la programu ni kosa la fikra, na kulinakili mara mbili hakulipunguzi.

Tukio la kusikitisha zaidi lilihusu mashine ya Therac-25, iliyotengenezwa Kanada kwa ajili ya kutibu saratani kwa mionzi. Kati ya mwaka 1985 na 1987 wagonjwa 6 nchini Kanada na Marekani walipigwa mionzi mingi kupita kiasi walichoandikiwa, na baadhi yao walikufa. Mashine iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa na vifaa vya kuizuia mionzi isitoke hali ikiwa si salama. Katika Therac-25 vifaa hivyo viliondolewa na kazi yake ikaachiwa programu. Baadaye ilibainika kwamba programu ya Therac-20 nayo ilikuwa na kosa la namna hiyo hiyo, bali vifaa vilikuwa vikiwakinga wagonjwa pasipo mtu kujua. Ilikuwa kama nyumba yenye ukuta uliooza uliokuwa umesimama kwa kuegemea nguzo. Wenyewe waliuona ukuta haujaanguka kwa miaka mingi, wakadhani una nguvu, nao wakaiondoa nguzo.

4. NYUMBA INAYOKUA

Baada ya kuitazama mipaka hiyo, mtu aweza kuuliza kama ulinganisho huu unafaa kuachwa kabisa. Jibu ni kwamba haufai kuachwa, bali mwanafunzi achague nyumba iliyo sawa ya kulinganisha. Programu haifanani sana na jengo la ofisi linalomalizika siku ya kukabidhiwa ufunguo. Inafanana zaidi na nyumba ya ukoo katika miji ya kale ya pwani. Nyumba hiyo huanza na vyumba vichache. Mtoto anapooa huongezwa ghorofa, na nafasi ikikosekana hujengwa wikio juu ya njia, kama ilivyo Lamu, kuunganisha nyumba mbili. Kila kizazi huishi humo huku kikijenga.

Brooks mwenyewe, katika makala yake ya mwaka 1986, alishauri kwamba programu ikuzwe hatua kwa hatua kuliko kujengwa yote kwa mkupuo: ianze na kiunzi kidogo kinachofanya kazi, kisha iongezwe sehemu moja moja, na kila mara ijaribiwe. Kadhalika watunga programu walijifunza kutoka kwa Christopher Alexander, msanifu wa majengo aliyezaliwa Vienna mwaka 1936. Kitabu chake cha mwaka 1977, alichokiandika pamoja na wenzake, kilikusanya njia 253 za kutatua matatizo yanayojirudia katika miji, nyumba na vyumba, kila njia ikielezwa ili mtu yeyote aitumie kwa hali yake. Mwaka 1994 wataalamu wanne wa kompyuta walitoa kitabu cha njia 23 za namna hiyo kwa ajili ya programu, na kitabu hicho kimesomwa duniani kote.

Hata hivyo nyumba inayokua ina sharti lake. Anayeongeza ghorofa ya tatu sharti aujue msingi uliochimbwa na babu, na kama babu hakuacha maelezo, mjukuu hujenga kwa kubahatisha. Hii ndiyo sababu maelezo yanayoandikwa pamoja na programu si pambo. Ni barua kwa mtu asiyejulikana, ambaye miaka ishirini baadaye atataka kuongeza chumba.

HITIMISHO

Ulinganisho wa nyumba na programu hufundisha mambo matatu ya kweli: mzigo ukokotolewe kabla, kila badiliko lirudiwe hesabu, na kila kifaa kitumike ndani ya kipimo chake. Hupotosha pale unapomfanya mtu adhani kwamba mtunga programu ni mwashi, kwamba wingi wa mikono huharakisha kazi, kwamba jaribio moja huyasemea yaliyo jirani yake, na kwamba nakala mbili ni salama kuliko moja.

Ukuta mbovu huonyesha ufa, na mpita njia huweza kupiga ukelele. Programu mbovu haionyeshi ufa wowote hadi dakika ya kushindwa. Kwa hiyo asiye na timazi ya kushika mkononi anahitaji uangalifu mkubwa zaidi kuliko mwashi. Timazi yake ni hesabu, kuandika waziwazi, na unyenyekevu wa kuwapa wengine kazi yake waikague.

MASWALI NA KAZI ZA KUFANYA

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini nati za njia ya juu katika hoteli ya Kansas City zilibeba mzigo maradufu. Chora picha mbili kuonyesha tofauti.

2. Kundi la watunga programu lina watu 8. Kokotoa njia za mawasiliano kati yao. Je, zitakuwa ngapi wakiongezwa watu 4?

3. Programu nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili tu, mathalani 75 kwa mwaka 1975. Mtu aliyezaliwa mwaka 1975 angehesabiwa umri gani na programu hiyo mwaka 2000?

4. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Zikitumia namba ya biti 32 iliyo hasi au chanya, namba kubwa kabisa ni 2,147,483,647. Kokotoa ni mwaka gani nafasi hiyo itajaa.

5. Kazi ya darasani isiyohitaji kompyuta: mwanafunzi mmoja aandike maagizo ya kuchora nyumba yenye kuta, mlango na paa la pembetatu. Mwingine ayafuate bila kuuliza swali lolote. Linganisheni mchoro na kusudi la mwandishi, kisha tafuteni kila mahali ambapo agizo lilikuwa na maana zaidi ya moja.

6. Tembeleeni mahali panapojengwa nyumba, kwa idhini ya msimamizi, mkamwulize fundi ni badiliko gani dogo katika ramani linaloweza kumlazimisha kuuchimba msingi upya. Jadilini kama jambo kama hilo laweza kutokea katika programu.